Upinzani wa Jumamosi

Mwalimu wetu wa Historia hakuwahi kufika Ulaya. Mahali pa mbali zaidi alipofika ni Mombasa, na huko alikaa siku chache tu akarudi akilalamika kwamba jasho la pwani halimwachi mtu afikiri. Lakini ukimsikia akieleza jinsi Wajerumani walivyokaa kwenye kumbi zao za bia baada ya ile vita ya kwanza, wamekonda, wamekasirika, wanatafuta mtu wa kulaumu, ungeapa kwamba na yeye alikuwa ameketi meza ya pembeni na chupa yake ya soda. Sisi watoto wa miteremko ya Mbooni tulimaliza sekondari tukiijua Munich kuliko tulivyoijua Nairobi.

Madikteta hakuwataja kwa majina. Miaka yote aliyonifundisha, na miaka mingi zaidi niliyoishi naye kama jirani baada ya kuolewa kijijini kwake, sikumsikia akimtaja hata mmoja. Wa Italia alikuwa Kidevu. Wa Ujerumani alikuwa Masharubu Mafupi. Wa Urusi alikuwa Mwenye Kiko. "Ukimtaja jina umempa kiti," alisema, "na akishakaa utamwondoaje?" Tukaenda kwenye mtihani wa taifa tukijua kila kitu kuhusu watu hao isipokuwa walivyoitwa. Kuna mwenzetu aliyeandika kwamba chama cha mashati meusi kiliongozwa na Kidevu. Sijui msahihishaji alisema nini, lakini mwenzetu huyo leo anauza simu mjini Wote na mambo yake si mabaya.

Kitu alichokiogopa kuliko vyote ni watu waliovaa nguo zinazofanana. Sare za shule alizivumilia kwa sababu zilimpa mshahara, lakini kwaya ya kanisa letu ilipotaka kushona mashati ya kahawia, alisimama kule nyuma, maana mbele hakukaa kamwe, akasema kahawia hapana. Wakamuuliza, je, nyeusi? Akasema nyeusi ndiyo mbaya zaidi, nyeusi ndiyo iliyokwenda Roma. Je, kijivu? Kijivu akaomba muda wa kufikiri. Mchungaji alikuwa amechoka na jua linakaribia utosini, kwa hiyo akamwomba ataje rangi moja tu isiyo na dhambi. Mwalimu akatafakari, kisha akasema waridi. "Hakuna nchi iliyowahi kuvamiwa na watu waliovaa waridi," akasema. Mpaka leo kwaya yetu huimba ikiwa imevaa waridi, pamoja na wanaume wazima wenye ndevu, na wageni hudhani ni kwaya ya watoto iliyokua ghafla.

Picha za shule nazo hakuingia. Mpiga picha akishatupanga, yeye husogea pembeni mpaka atoke nje ya kamera. Alituambia kwamba kule Urusi mtu alikuwa anapigwa picha na wakubwa, na baada ya muda mfupi picha ileile inachapishwa tena, mtu hayupo, pamebaki ukuta. "Ukitaka usifutwe, usiingie," alisema. Kwa hiyo katika picha zetu zote za darasa kuna pengo dogo upande wa kulia, na sisi tuliokuwepo tunajua ni nani.

Lakini nyumbani kwake, jamani. Mtu huyu aliyekesha akiwalaani watu waliotaka taifa zima lipumue kwa pua moja, alikuwa na sheria kwa kila kitu. Redio hakuna mwingine aliyeigusa. Kuku waliingia bandani kwa saa aliyoipanga yeye, wapende wasipende, hata jua likiwa bado kali. Daktari alipomwambia aache sukari, nyumba nzima iliachishwa sukari, na wageni pia. Mkewe alikuwa akiificha ndani ya mtungi wa maharagwe na kututilia kwa siri, akikoroga polepole kijiko kisilie. "Huyu anawaogopa madikteta kwa sababu mmoja anamjua kwa karibu," aliniambia siku moja akinimiminia. Mwalimu alikuwa sebuleni, anasikia, na akacheka. Ndivyo alivyokuwa. Ungemwambia ukweli wowote usoni na angecheka, mradi hujagusa redio.

Kuna swali moja alilopenda kuuliza kwenye mitihani yake: taja hasara za utawala wa mtu mmoja. Mwaka mmoja akaamua kutenda haki akauliza na faida. Mwanafunzi mmoja aliandika jibu fupi: mikutano huisha mapema. Mwalimu alimpa alama zote, kisha akazunguka uwanja wa shule mpaka kengele ya mwisho, mikono nyuma, kichwa chini. Alikuwa ameona kitu kwenye jibu lile ambacho sisi hatukukiona, na hata yeye, nadhani, hakukiona chote.

Maana kwetu mikutano haiishi. Sisi Wakamba tuna mwethya, kazi ya pamoja ya kijiji. Leo tunachimba matuta kwako, kesho kwangu, keshokutwa tunabeba mawe ya bwawa, na asiyefika hutozwa faini. Jembe letu ni moja na mdomo wetu ni wa kila mtu. Kabla ya jembe kuinuliwa lazima kila mtu aseme, na akishasema husikiliza wengine, na akishawasikiliza hukumbuka neno alilosahau. Mwalimu baada ya kustaafu aliipenda mikutano hiyo peke yake kijiji kizima. Alikuja na kofia yake na mfuko wa karanga. "Mkutano usioisha," alisema, "ni mkutano ambao hakuna aliyeushinda." Sisi wengine tulikuwa na mahindi ya kupalilia.

Kwa mwethya tulijenga bwawa la mchanga kwenye mto wetu wa msimu. Mchanga unazuiliwa na ukuta, maji yanalala chini ya mchanga jua lisiyaone, na bomba linayaleta mpaka kwenye kioski cha kuchotea maji. Kioski kina mfereji wa watu wa Juu na mfereji wa watu wa Chini, pande mbili za kijiji chetu, na kufuli moja kwenye mlango wa koki zote. Mvua ikinyesha vizuri, kufuli ni pambo tu. Lakini ulikuja mwaka mvua zote mbili zilikataa, maji yakawa ya kugawana, na kila mtu akataka kujua ufunguo unalala nyumba ya nani.

Tulikutana, tukakutana tena. Watu wa Juu walisema ukuta wa bwawa uko kwao. Watu wa Chini walisema mto unatelemkia kwao. Hapo ndipo aliposimama mwenye lori la mchanga, tajiri wetu, mtu mpole wa maneno. Akasema, "Nipeni hiyo ufunguo na hamtaona mkutano tena. Mimi nitapanga kila kitu." Watu wakaanza kutikisa vichwa wakikubali. Kila mmoja wetu alijua kwamba lori lile linataka mchanga wa mto, na mchanga ukienda maji yanakwenda nao. Tulijua na tukatikisa vichwa. Tulikuwa tumechoka.

Mwalimu akaweka karanga zake chini akaomba kusema. Alianza na Italia. Akaeleza jinsi mashati meusi walivyoelekea Roma, na jinsi Kidevu mwenyewe hakutembea. Alisubiri mbali mpaka akaitwa, kisha akaja kwa treni, amelala kitandani. Mfalme angeweza kuwazuia, hakuwazuia. Akahamia Ujerumani. Watu hawana kazi, vyama vinagombana bungeni mpaka hakuna sheria inayopita, na wazee wakubwa wanaambiana, tumpe Masharubu Mafupi kiti, sisi tutamshika mkono. Bunge likaungua moto, na wiki chache baadaye wabunge wenyewe wakapiga kura ya kumpa serikali yake uwezo wa kutunga sheria bila wao. Waliambiwa ni kwa muda, mpaka hali itulie. Akamalizia Urusi, ambako nafaka ya wakulima ilichukuliwa kwa jina la wakulima, na wakulima wakafa njaa. Sijawahi kumsikia akisema vizuri vile.

Kisha Susu mmoja wa Chini, bibi ambaye sote tulimwita susu ingawa hakuwa nyanya ya yeyote pale, akainua mkono.

"Mwalimu, mimi sikusoma. Huyo mtu alipewa kila kitu, barabara alijenga ama hakujenga?"

"Alijenga, Susu, lakini..."

"Na watu wakapata kazi?"

"Wengi walipata. Ya kutengeneza bunduki."

"Treni ilifika saa yake?"

"Hiyo ni ya Italia, na haikufika. Waliokuwa wanasubiri walifundishwa kusema imefika."

"Na mitingi iliisha?"

Kosa kubwa la Mwalimu maishani ni kwamba alikuwa mkweli. "Iliisha," akasema.

Susu akageuka kwa watu. "Basi mimi nasema ni Mwalimu. Hii kazi anaijua yote vile inafanywanga, na anaiogopa. Mtu anaogopa moto hawezi choma nyumba. Huyu wa lori haogopi kitu."

Mkutano mzima ukafurahi. Mwalimu akasema hapana, hamkusikia nilichosema. Wakasema tumesikia, na anayekataa ndiye mzuri. Akasema hata wale wa Ulaya walijifanya hawataki. Wakasema basi kubali, ili usifanane nao. Akazunguka mle ndani ya maneno yake akitafuta mlango. Mwenye lori alikuwa amekaa kando anatabasamu, anasugua ufunguo wa gari kwa shati, akingoja Mwalimu akatae mara ya mwisho. Mwalimu akamtazama, akatutazama, akasema, "Mpaka mvua ya Novemba. Siku moja zaidi hapana." Wakamvika ufunguo shingoni kwa uzi. Mimi niliogopa na sikujua naogopa nini.

Kesho yake alinikuta kwenye meza yangu ya parachichi, soko la Kikima, akaniambia serikali isiyo na upinzani ni ugonjwa. Akasema mimi nilikuwa nikimbishia tangu Fomu Tatu, kwa hiyo ananiteua.

"Na nikikataa, Mwalimu?"

"Huwezi kukataa. Nimeamuru."

Kila Jumamosi mbele ya kioski nilipaswa kusimama na kumpinga hadharani. Nisipompinga, faini ni mtungi mmoja wa maji. Mnaweza kucheka. Mimi niliishi maisha hayo. Aliposema kina mama wenye watoto wachanga wateke kwanza, ilinibidi nisimame niseme mtoto mchanga habebi mtungi. Aliposema ng'ombe wasikaribie mifereji, nikawatetea ng'ombe, na Susu akaniuliza mbele ya watu, "Mama Mutheu, hao ng'ombe wamekupatia nini?" Siku moja nilikosa kabisa la kusema, nikaipinga kofia yake. Kila nikimaliza, yeye huinama kidogo na kusema, "Upinzani umesikika," halafu hufanya vilevile alivyokuwa amepanga. Watu walizidi kumpenda kwa jinsi anavyonivumilia. Majirani wakaacha kununua parachichi zangu. Mume wangu, mtu asiyependa makuu, aliniomba niulize kama kuna cheo kingine.

Na mambo yalienda vizuri, hilo nitalisema hata mbele ya mchungaji. Juu walipata maji, Chini walipata maji, foleni ilinyooka, lori likahamia mto mwingine. Mikutano iliisha kabla chai haijachemka. Alipopiga marufuku makofi, watu wakawa wanasugua viganja, na mkutano mzima unasikika kama majani makavu. Fundi wa rangi alimchora kwenye ukuta wa kioski. Mwalimu akaamuru picha ifutwe, fundi akaifuta akilia, lakini kofia ilikataa kufutika, na watu wakawa wakipita wanaisalimia kofia. Kwaya ikatunga wimbo unaosema Mwalimu hataki kuimbiwa. Ulikuwa na beti nyingi na walimwimbia wote.

Jambo lililomuumiza ni jembe. Kwenye siku ya mwethya alifika na jembe lake kama kawaida, wakamnyang'anya kwa heshima na kumletea kiti. Akasimama akachukua jembe lingine, wakalichukua tena. Kwetu wanaosamehewa jembe ni mgonjwa, mzazi aliyejifungua juzi, na maiti. Alikaa pale akitazama tunavyochimba, mikono juu ya magoti, na niliona alivyotaka mtu amkemee. Mara ya pili alikaa bila ubishi. Mara ya tatu aliuliza kiti kiko wapi.

Novemba ikaja na mvua ikanyesha kwelikweli. Mwalimu akaitisha mkutano, akauvua ufunguo, akasema muda umeisha. Watu wakasema hapana. Akaomba wanaotaka aendelee wainue mikono, na mikono yote ikainuka, hata ya waliobeba watoto. Akasema, "Mnajua ni nchi gani hupata kura zote?" Wakasema hawajui, lakini lazima ni nzuri. Akanigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Upinzani unasemaje?"

Nilisimama nikafikiri mpaka kichwa kikaniuma. Amri yake ni kwamba nimpinge, na yeye anataka kutoka. Nikasema, "Upinzani unapinga. Mwalimu abaki." Kwa mara ya kwanza nilisuguliwa viganja. Wiki ile niliuza parachichi zote. Mwalimu akainama kidogo na kuuvaa ufunguo tena.

Baada ya hapo hakutaja mvua tena. Alianza kusema "watu wangu". Ilifika siku watu wa Chini walichelewa kwenye mwethya kwa sababu walikuwa na mazishi, naye akaufunga mfereji wao mpaka wajue nidhamu. Ilikuwa Jumatano. Nilikutana na Susu akitelemka mtoni na mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, anakwenda kufukua mchanga kwa mikono.

"Susu, Chini kumefungwa?"

"Kumefungwa. Mwalimu ako na sababu."

"Sababu gani?"

"Nitajuaje? Ni yeye anajua."

Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonikasirisha. Angemtukana ningekwenda zangu sokoni. Niliacha kikapu changu njiani nikapanda mpaka kwa Mwalimu, nikamkuta anakunywa chai, mkewe amesimama na birika. Sikuketi. Nikamwambia afungue maji ya Chini sasa hivi, na ufunguo aurudishe kwa watu.

Hakupandisha sauti. Aliinua macho kwenye kalenda ya duka iliyoning'inia ukutani, akaitazama vizuri.

"Leo ni Jumatano," akasema.

"Najua ni Jumatano."

"Upinzani ni Jumamosi."

Ningependa kusema aliyasikia maneno yake palepale. Hapana, alikunywa chai nyingine. Ni mkewe aliyeweka birika chini na kumwambia, "Hebu rudia hayo maneno." Mwalimu akafungua mdomo arudie, na maneno hayakutoka. Akajaribu tena. Nikaona uso wake ukibadilika, polepole, mpaka nikatamani nisingekuja. Akashika uzi autoe shingoni, ukanasa kwenye sikio, mkewe akaukata kwa kisu cha mboga. Ufunguo ukaanguka mezani kati ya vikombe. Tulikuwa watu wazima watatu na hakuna aliyetaka kuugusa. Mwishowe niliuokota kwa kitambaa kama mtu anayeepua sufuria, nikateremka nikafungulia Chini.

Mwezi uleule yeye na mkewe walihamia Wote kwa binti yao. Alisema ni kwa ajili ya magoti, hospitali iko karibu. Sisi tukanunua kufuli tatu, funguo zake tukazigawa kwa watu watatu wasiopatana, ili kioski kisifunguliwe mpaka watatu hao wakubaliane. Hawakubaliani. Maji hutoka yakichelewa na mikutano imerudi urefu wake wa zamani, na kila mkutano lazima mtu aseme, wakati wa Mwalimu mambo hayakuwa hivi.

Mwaka jana mvua ikakataa tena. Mkutano ukaamua Mwalimu arudishwe, ukakodi gari aina ya Probox la kwenda kumchukua. Nilisimama nikapinga, safari hii hakuna aliyeniteua, nikazomewa. Basi niliamka mapema nikawatangulia mjini Wote.

Nilimkuta uani, amepungua, fimbo mkononi, na alifurahi kuniona mpaka nikaona haya kwa kutofika mapema zaidi. Nikamwambia wanakuja, na wanachotaka. Uso wake ukawaka. Sitaki kusema uongo, uliwaka kama wa kijana aliyeitwa jina. Kisha akaona kwamba nimeona.

"Nifungie ndani," akasema.

"Wapi?"

"Chumbani. Kaa na ufunguo. Nikisema fungua usifungue. Hata nikisema kwa sauti ya darasani."

Mkewe alileta kufuli bila kuuliza swali. Tukamfungia, mimi nikakaa kwenye ngazi ya nje, chini ya dirisha lake lenye vyuma.

Walifika na Susu mbele amevaa leso mpya, na mbuzi wa zawadi analia ndani ya buti la gari. Nikawaambia Mwalimu hapokei wageni. Wakanipita wakaenda dirishani wakaanza kumweleza. Walieleza maji yalivyo, walieleza mikutano, na ndani nikasikia kitanda kikilia.

"Chini wanapata?" akauliza.

"Hatupati, Mwalimu," Susu akasema. "Jana nimefukua mchanga tangu asubuhi."

Kitanda kikalia tena. Halafu, "Mama Mutheu, fungua."

"Hapana, Mwalimu."

"Sikujua hali ni mbaya hivi. Ni kwa muda mfupi tu. Fungua."

"Hapana."

Akatumia sauti ile. Akaniita jina langu la shule na kuniambia nisimame na nifungue mlango huo mara moja. Nikasimama. Magoti yalisimama yenyewe, mimi mama wa watoto wanne, lakini mkono wenye ufunguo niliuacha mfukoni, nikaukaza mpaka meno ya ufunguo yakanichoma.

Susu alinitazama kutoka juu mpaka chini. "Wewe peke yako unakatalia watu wote mtu wao," akasema. "Huyu ndiye dikteta ile tulifundishwa." Wenzake wakakubali. Nami nilikuwa nimefikiri jambo hilohilo, na alikuwa na kiu, na ni mtu ninayempenda. Walikaa mpaka baada ya saa za chakula cha mchana. Mwalimu aliomba, akafoka, akaomba tena, kisha akaacha, na wao wakapanda gari wakaenda na mbuzi wao.

Nilingoja mpaka gari lisisikike ndipo nikafungua. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, koti limefungwa vifungo vyote, kofia kichwani, viatu vyeusi miguuni vimepakwa rangi. Alikuwa amejiandaa akiwa mle ndani, huku akiniambia ni kwa muda mfupi. Sote wawili tukavitazama viatu.

"Siwezi kuinama," akasema. "Magoti."

Nikapiga magoti sakafuni nimvue. Kamba alikuwa amezifunga mafundo mawili mawili na kuzikaza sana, kama mtu wa safari ndefu, na ilinichukua muda kuzifungua. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa changu.